Kutu Chini ya Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana. Nilikuwa naanua nguo, nikaziacha kwenye kamba, nikasimama barazani kuisikiliza. Migambo nzima, huku kwetu juu ya Lushoto, imefurahi, maana karoti zilishaanza kunyauka. Mimi sikufurahi. Nilikuwa nawaza pikapu iko wapi saa hii.

Naandika madaftari haya tangu nilipostaafu ualimu, na habari ya pikapu nimekuwa nairuka. Leo niiandike. Ilikuwa ya marehemu mume wangu, Sefania. Alipofariki ilikaa uani mwaka na miezi miwili, kuku wakawa wanataga chini yake. Wakati wa vuli nilimwita Abdulaziz, fundi umeme wa magari wa pale Lushoto mjini, kwa sababu kila ikinyesha taa zilijiwasha zenyewe na asubuhi betri inakutwa imelala. Alikaa nayo siku nzima. Mwisho akaniita, akaniinamisha chini ya dashibodi na tochi yake, akanionyesha tone la maji linateremka nyuma ya boksi la fyuzi. Kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa kienyeji, na chuma kilicho chini ya mpira wake kimeliwa na kutu. Maji yanapita hapo. Dawa yake ni kung'oa kioo, kukata chuma kibovu na kuchomelea kipya.

Sikuwa na uwezo huo, wala hamu. Nilitaka gari liondoke uani kwangu. Wanunuzi watatu walikuja, nikawaambia kila kitu kama kilivyo. Wa kwanza alicheka. Wa pili alitaka kuichukua kwa bei ya chuma chakavu. Wa tatu alisema atarudi, na mpaka leo anarudi. Wa nne alikuwa Yohane, niliyemfundisha tangu darasa la tatu hadi la saba. Nikamwuliza kama hataikagua. Akasema, "Gari la mwalimu, nitakagua nini?"

Ilikuwa Januari, jua na vumbi. Nikanyamaza.

Yohane alipolipa na kuondoka nalo, nilimwomba Abdulaziz asimwambie mtu. Alikubali kwa heshima ya Sefania, aliyempa kiwanja cha gereji bure wakati hana mbele wala nyuma.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimepanda maharage kipande cha juu.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada Yohane alinifuata nje, bado na joho la kwaya. Alikuwa anacheka. Alisema jana akipita msitu wa Magamba honi ilianza kulia yenyewe, akaipigapiga, ikakataa kunyamaza, mbega wakakimbia juu ya miti. Mkewe Loveness alikuwa pembeni yake, akamwuliza anampigia nani honi porini.

"Hivi mwalimu, mzee enzi zake hakuwahi kupata shida ya namna hii?"

"Hapana," nikasema. "Haikuwahi."

Akashukuru. Januari nilinyamaza tu, leo nimesema kwa mdomo. Nimerudi nyumbani nikachemsha viazi, nikavila vyote, nikashangaa kwamba nina njaa.

Jumatano, 13 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ukungu hata mlango wa jirani hauonekani.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeshuka mjini kununua dawa ya presha, nikapitia gereji kwa Abdulaziz. Kibao chake bado kimeandikwa UMEME WA MAGALI. Miaka tisa nakipita, sijawahi kumsahihisha.

Alifuta kiti kwa tambara, akanisalimu shikamoo, akangoja nikae. Yohane ameshampelekea pikapu mara mbili.

"Nimefunika boksi la fyuzi kwa nailoni," alisema. "Nimekausha, nimesafisha nyaya zilizoota ukungu wa kijani. Mvua kubwa ikija nailoni itakuwa bakuli. Ameniuliza maji yanatoka wapi. Nimemwambia naendelea kutafuta. Mimi, mwalimu, natafuta kitu nilichokwisha kukiona."

"Nipe muda kidogo."

"Muda wa nini?"

Alishika bisibisi akaigeuzageuza mkononi. "Mzee Sefania alinisaidia, na neno nililokupa ni neno. Lakini huyu kijana anapandisha watu milimani na gari hilo. Mwambie wewe. Ukimwambia wewe ataumia siku mbili. Akigundua mwenyewe ni jambo jingine."

Nilisema nitamwambia Jumapili.

Jumapili, 17 Machi

Sikumwambia. Alikuwa na wageni.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeona cherehani ya Loveness inatolewa. Mwanaume mmoja wa Lukozi aliibeba kichwani na meza yake, Loveness akafuata nyuma na sanduku la nyuzi mpaka barabarani, kama mtu anayesindikiza mgeni. Kwa cherehani ile alishona sare za nusu ya shule yetu. Nilimwuliza kuna nini, akasema wameiuza kwa sababu altaneta ya pikapu, ile ya kuchaji betri, imekufa, na fundi mwingine wa kule juu amewaambia wanunue mpya na betri mpya.

Altaneta haijafa. Najua kabisa.

Nikamwambia pole. Akanijibu, "Asante mwalimu. Kikubwa gari lenyewe ni zima, tutarudisha."

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu. Mchungaji alisoma habari za Petro na jogoo. Watu waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nahesabu, na kwa hesabu yangu Petro nimeshampita.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Yohane aliniletea debe zima la peasi mpaka mlangoni, amelibeba begani kwa sababu pikapu ilikataa kuwaka. Alisema altaneta mpya imeungua tayari. Alikaa, akanywa chai, akanisifia maandazi. Alitaja jinsi nilivyomwachia viatu vya mwanangu akiwa darasa la sita. Nilikuwa nimesahau viatu hivyo.

Nimeanza kumchukia. Naandika ninavyoona. Angekuwa mkorofi, angekuja akanifokea, ningemwambia ukweli usoni na tukamaliza. Yeye ananiletea peasi.

Jumatatu, 8 Aprili

Yohane amekuja na sura nyingine. Yule fundi wa juu amemwambia kuna mtu amechezea mfumo wa umeme, amenyofoa vitu vizima akaweka vibovu. Na aliyeshika gari hilo kabla yake ni mmoja tu.

"Nimemwuliza Abdulaziz mwenyewe," alisema. "Hakatai vizuri. Ananiambia hakuiba, lakini nikimwuliza tatizo ni nini anaangalia chini. Mwalimu, mtu safi huangalia chini?"

Nilikunja ncha ya kanga yangu.

"Wewe unamjua miaka yote. Nikuulize wewe. Ni mwaminifu?"

Birika lilikuwa linachemka jikoni. Niliinuka nikalitoa motoni, nikarudi, nikakaa. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema jambo lolote. Nikasema, "Mafundi, mwanangu, ni watu wa kuangaliwa kwa macho mawili."

Hicho ndicho nilichosema. Nakiandika kama kilivyo ili siku nikitaka kukipunguza nikikute hapa. Abdulaziz hakuwahi kuniongezea hata fyuzi moja ambayo sikuihitaji.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeitwa ofisi ya serikali ya mtaa kuwa shahidi, Yohane amemshtaki Abdulaziz.

Walikuwepo mwenyekiti wa mtaa, Yohane, Loveness, yule fundi wa juu, na watu kama ishirini waliokwepa mvua au waliotaka kusikia. Abdulaziz alivaa kanzu safi. Nilikaa mbele kwa kuwa kila ninapoingia mtu huniachia kiti cha mbele.

Mwenyekiti aliniuliza, "Mwalimu, gari hili lilipotoka kwako lilikuwa na hitilafu yoyote ya umeme?"

Abdulaziz aliniangalia. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Aliniangalia kama mtu anayesubiri basi ambalo limetangazwa kwamba linakuja.

"Lilikuwa zima," nikasema.

Akashusha macho. Mwenyekiti alimwuliza kama ana neno. Akasema, "Sikuiba kitu cha mtu. Mengine yana mwenyewe." Wakamwuliza mwenyewe nani. Akaketi. Mtu mmoja nyuma akasema mwizi akikosa uongo huleta mafumbo, watu wakacheka. Wakamwamuru alipe altaneta.

Wakati wa kutoka alinipisha mlangoni. Alisema, "Tangulia, mwalimu, kuna utelezi."

Jumatano, 17 Aprili

Gereji imefungwa. Magari manne yaliyokuwa yakisubiri yamehamishwa. Wanasema Abdulaziz ameshuka Muheza kwa dada yake, yeye na mkewe na masanduku mawili. Kibao ameacha.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Ukuta wa choo umeanguka. Sijala.

Jumapili, 28 Aprili

Jana saa kumi jioni Yohane na Loveness walikuwa wanateremka na karoti kwenda Mombo. Wamepita Soni, mvua inapiga, ukungu umejaa bonde lote. Kwenye kona moja taa zilizimika na waipa zikasimama kwa pamoja. Yohane anasema aliona kioo kimekuwa cheupe kama shuka. Kulia kwake kulikuwa korongo, basi akakata kushoto kwa kukisia, akagonga mwamba. Kioo kilitoka kizima. Karoti zilimwagika barabarani, watu wakaziokota, wengine wakaondoka nazo.

Yohane amechubuka paji la uso. Loveness amevunjika mkono wa kulia mahali pawili.

Leo nimekwenda kumwona hospitali. Amelala, mkono umeninginizwa, uso umevimba. Alitaka kuinuka anisalimu, nikamzuia. Akasema, "Mungu ametuokoa, mwalimu. Tungekwenda upande wa pili ingekuwa mazishi." Mama wa kitanda cha jirani akasema haya ndiyo matunda ya fundi mwizi. Loveness akasema ndiyo. Akasema angempata Abdulaziz angemwuliza tu, walimkosea nini.

Nilibaki dakika kumi. Nilimmenyea chungwa, nikamlisha kipande kimoja kimoja. Nilisubiri mama wa kitanda cha jirani asinzie niseme, na alipolala sikusema.

Alhamisi, 2 Mei

Nimesema.

Pikapu ilivutwa mpaka uani kwa Yohane. Nilimkuta peke yake, anaburuta kapeti nje, inachuruzika maji. Alinisalimu, akanitafutia kigoda. Sikukaa.

"Yohane, Abdulaziz hana kosa. Gari hili linavuja kwenye kioo cha mbele. Maji yanaingia kwenye fyuzi. Nilijua kabla sijakuuzia."

Alidondosha kapeti. Kisha akasema kwa upole, kama anaongea na mgonjwa, "Mwalimu, pole. Najua Abdulaziz alikuwa kama mtoto kwa mzee. Unataka kumwokoa. Lakini usijipakazie."

"Sijipakazii. Nilijua."

"Umechoka, mwalimu. Hospitali kule ni mbali. Ngoja nikutafutie bodaboda ikurudishe."

Niliona kwamba sitaaminiwa. Miaka thelathini na mbili nilijenga jina ambalo sasa linanizuia kusema kweli. Nikachukua kisu alichokuwa anakatia kapeti, nikaenda mbele ya gari, nikashika ukingo wa chuma ambapo kioo kilikuwa. Rangi pale ilikuwa nyeusi inang'aa kuliko mahali pengine pote. Nikakwangua. Rangi ilitoka na kipande cha kutu kikubwa kama ganda la mkate, nyuma yake tundu. Nikapitisha kidole changu kwenye tundu mpaka kikatokea ndani.

"Rangi hii nilipaka mimi," nikasema. "Januari, siku mbili kabla hujaja. Kopo na brashi viko stoo kwangu."

Humu daftarini pia nilidanganya. Tarehe nne Machi niliandika kwamba nilinyamaza. Sikunyamaza tu. Nilinunua rangi.

Yohane alikaa juu ya tenga. Aliweka kidole chake kwenye tundu, akakitoa, akakitazama. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, hakuna aliyeingia ndani.

"Wengine walikuja kabla yangu," alisema. "Hao uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Kwa nini mimi hapana?"

"Kwa sababu wewe hukuuliza."

Alitikisa kichwa taratibu, kama nilivyokuwa nikimwona akitikisa anapoelewa hesabu. Halafu akaniambia niende nyumbani, kwa sababu Loveness anarudi kesho na hataki kumwambia mimi nikiwepo.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda Muheza na kurudi. Basi hadi Mombo, jingine hadi Korogwe, jingine tena. Joto la kule lilinipiga nikiwa na sweta ya Migambo.

Nilimkuta Abdulaziz chini ya bati la gereji ya mtu mwingine, karibu na wauza machungwa. Amepungua. Alinifutia kiti vilevile. Nilimwambia yote, ofisi ya mtaa, macho mawili, rangi. Ya macho mawili hakuwa anaijua. Hiyo ndiyo niliyoiona ikimwingia.

"Yohane alikuuliza kama mimi ni mwaminifu?"

"Aliniuliza."

"Na hukuwa umelazimishwa. Mlikuwa nyumbani kwako, wawili."

"Tulikuwa wawili."

Akainuka, akaenda kwenye gari alilokuwa analitengeneza, akafungua boneti, akalifunga tena. Aliporudi alisema, "Ile ya ofisini nilishakusamehe. Nilisema, ni mama mtu mzima, mbele ya watu, ameogopa. Hii ya nyumbani nipe muda nayo."

Nikamwomba arudi Lushoto. Nikasema kiwanja cha gereji ni chake, nitamwandikia.

"Hapa hakuna anayelijua jina langu," alisema. "Nalala usingizi. Wewe ulisema mbele ya watu kwamba gari ni zima. Nenda ukaseme mbele ya watu hao hao. Mimi sitakuwepo, kwa hiyo usiseme kwa ajili yangu."

Alininunulia tiketi ya kurudi. Nilikataa, akamlipa kondakta mwenyewe.

Jumamosi, 18 Mei

Nimesema ofisini. Walikuja wachache kuliko ile siku. Mwenyekiti alijaribu mara mbili kunisaidia, "Labda mwalimu ana maana kwamba hakuwa na uhakika." Nikamwambia nilikuwa na uhakika. Yule fundi wa juu aliangalia simu yake mpaka mwisho. Mzee mmoja alisema wazi kwamba wazee tukifiwa tunachanganyikiwa, watu wakaitikia kwa kunionea huruma, na nadhani wengi wameondoka na hilo. Mwenyekiti ameandika barua ya kumfutia Abdulaziz ile hukumu. Mwizi wakati ule walimtangaza kwa midomo. Barua imefungwa kwenye faili.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua zimekatika. Nimeuza shamba la bondeni, Yohane amerudishiwa chake chote pamoja na cherehani na altaneta. Alihesabu mbele yangu, noti moja moja, zamani asingethubutu. Pikapu imerudi uani. Kuku wameshaijua.

Jumamosi, 15 Juni

Tangu Loveness atoke hospitali nimekuwa nakwenda kwao kila asubuhi. Sikuombwa. Siku ya kwanza nilimkuta anajaribu kuinua ndoo kwa mkono wa kushoto, nikaichukua, hakuiachia, tukavutana kidogo, ikamwagika. Siku ya pili aliniachia. Wiki sita nimechota maji, nimefagia uwanja, nimepika bada, ugali wa muhogo, nimepalilia viazi vyao. Yohane huondoka kabla sijafika. Loveness huketi mlangoni na mkono wake kwenye plasta, akinitazama, na nikimaliza huingia ndani. Sijasikia sauti yake tangu siku ya chungwa. Nilianza kuamini kwamba tunazoeana. Juzi nilijikuta natia chumvi bila kuuliza, kama kwangu.

Leo nimekuta ndoo zote zimejaa, uwanja umefagiwa, moto unawaka. Loveness alikuwa amesimama uani. Jana wamemtoa plasta. Mkono umekonda, ngozi yake imepauka, na vidole viwili havikunjiki. Alinionyesha, akavijaribu mbele yangu, kimoja, halafu cha pili.

"Daktari anasema havitarudi," alisema. "Kushona tena, labda shuka na mapazia. Sare siwezi."

Nilisema pole. Neno lilitoka dogo.

"Nilitaka uvione, ndiyo maana nikakuacha uje mpaka leo. Kazi zangu nitafanya mwenyewe. Kesho usije."

Nikamwambia nimesikia. Akangoja niondoke, nami nikaondoka.